Michi Mingi, Kinu Kimoja: Kueleza Ulandanishaji wa Vichapuzi vya Chembe kwa Kiswahili

1. Utangulizi

Kazi za pamoja hupangwa kwa wakati, lakini hazipangwi zote kwa namna moja. Wavuvi wanaovuta juya ufukoni husubiri sauti ya kiongozi wao, kisha wote huvuta kwa mara moja. Nguvu zao hujumlishwa kwa kuwa zinafika kwenye kamba kwa pamoja. Wanawake watatu wanaotwanga katika kinu kimoja hufanya kinyume cha hayo. Wakiishusha michi yao kwa mara moja, michi itagongana na kazi itaharibika. Kila mmoja hushusha mchi wake wakati michi ya wenzake iko juu, na kinu hupigwa mara tatu katika muda ambao mtwangaji mmoja angekipiga mara moja. Hakuna michi miwili inayofika chini kwa wakati mmoja, lakini hakuna atakayesema kwamba kazi hiyo haina mpango wa wakati.

Mhadhara huu unahusu mashine ambayo ndani yake mipango hiyo miwili hukutana. Mashine yenyewe ni jozi ya vichapuzi vya chembe. Kichapuzi cha kwanza huzalisha mawimbi ya mikrowevu yenye nguvu kubwa, na mawimbi hayo hukiendesha kichapuzi cha pili. Lengo ni mawili: kwanza, kueleza kwa Kiswahili jinsi mashine hiyo inavyofanya kazi, pili, kuzipima istilahi zinazohitajika katika maelezo hayo. Hoja inayotetewa ni kwamba istilahi ya sayansi haipimwi vizuri ikiwa ndani ya orodha ya maneno. Hupimwa inapolazimika kubeba maelezo ya kitu kizima tangu mwanzo hadi mwisho. Neno linalopendeza katika orodha laweza kuvunjika njiani.

Suala hili si la wanafizikia peke yao. Nchini Tanzania na Kenya fizikia ya sekondari kwa kawaida hufundishwa kwa Kiingereza, na wanafunzi wengi huondoka shuleni wakiwa na majina ya dhana bila dhana zenyewe. Aidha, vichapuzi si vitu vya Ulaya na Marekani tu. Baadhi ya mashine za tiba ya mionzi zinazotumika katika Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam ni vichapuzi vya elektroni vinavyoendeshwa kwa mikrowevu. Mgonjwa anayelazwa chini ya mashine hiyo ana haki ya kuuliza inafanya nini, na kujibiwa kwa lugha anayoielewa. Swali ni kama jibu hilo lipo tayari.

2. Chembe, wimbi na klistroni

Kichapuzi cha chembe ni chombo kinachoziongezea nishati chembe zenye chaji, kama vile elektroni na protoni. Katika vichapuzi vinavyojadiliwa hapa, elektroni hupita ndani ya bomba lililoondolewa hewa, yaani ndani ya ombwe. Bomba hilo limegawanywa katika vyumba vidogo vya shaba, na ndani ya vyumba hivyo huingizwa mawimbi ya mikrowevu. Uga wa umeme wa mawimbi hayo hubadilisha mwelekeo mabilioni ya mara kwa sekunde. Elektroni inayopita wakati uga unasukuma mbele huongezewa nishati. Inayopita wakati uga unasukuma nyuma hupunguziwa.

Hali hiyo yafanana na mtoto aliye kwenye pembea. Anayemsukuma pembea inapoanza kwenda mbele humpandisha juu zaidi. Anayemsukuma inaporudi humzuia. Nguvu ya mkono ni ile ile, lakini matokeo hutegemea msukumo umetokea katika hatua gani ya mwendo. Hatua hiyo ndani ya mzunguko wa wimbi ndiyo inayoitwa awamu katika mhadhara huu. Kwa sababu hiyo elektroni haziwezi kuachwa zitiririke kama maji. Hukusanywa katika mafungu mafupi, na kila fungu hupangwa lifike karibu na kilele cha wimbi.

Inafaa ieleweke kwamba neno kichapuzi lina kasoro yake. Elektroni ni nyepesi mno, na baada ya kupita mita chache tu za mashine huwa tayari zina mwendo unaokaribia kabisa ule wa mwanga. Kuanzia hapo nishati yake huongezeka mara nyingi, lakini mwendo hauongezeki kwa kiasi cha kuonekana. Kinachochapuzwa, basi, si mwendo bali ni nishati. Kasoro hiyo haitoshi kulifukuza neno, kwani majina ya mashine hiyo katika lugha za Ulaya yana kasoro ile ile. Lakini mwalimu anapaswa kuieleza. Baadaye itaonekana kwamba mashine ya vichapuzi viwili isingewezekana bila jambo hilo.

Mikrowevu zenye nguvu kubwa kwa kawaida hutoka katika kifaa kiitwacho klistroni, kilichobuniwa mwaka 1937 na ndugu wawili, Russell na Sigurd Varian, katika Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani. Ndani ya klistroni, mkondo wa elektroni hupita kwanza katika chumba chenye wimbi dogo. Wimbi hilo huziharakisha kidogo baadhi ya elektroni na kuzichelewesha nyingine. Zikiendelea na safari, zilizoharakishwa huzifikia zilizocheleweshwa, na mkondo uliokuwa laini hugeuka kuwa mafungu. Mafungu hayo yakiingia katika chumba cha mwisho, huacha humo nishati yake, nayo hutoka ikiwa ni wimbi lenye nguvu nyingi kuliko lile lililoingia.

Historia ya majina hapa ina funzo kwa mtaalamu wa lugha. Jina klistroni lilipendekezwa na Hermann Fränkel, profesa wa lugha za kale katika chuo hicho hicho, kutokana na kitenzi cha Kiyunani kinachoeleza jinsi mawimbi ya bahari yanavyopiga ufukoni. Chumba cha mawimbi alichobuni William Hansen, mwenzao akina Varian, kilipewa jina la rumbatroni, kutokana na dansi ya rumba. Kwa hiyo istilahi ambazo leo huonekana kuwa za kitaalamu tupu zilitokana na pwani na ukumbi wa dansi. Wenyeji wa upwa wa Afrika Mashariki, ambao mawimbi na rumba wanavijua vyema, hawana sababu ya kudhani kwamba sayansi ilizaliwa na msamiati wake kutoka mbinguni.

Kichapuzi cha Stanford chenye urefu wa takriban kilomita 3.2, kilichoanza kazi mwaka 1966, kilitumia takriban klistroni 240 za megahezi 2,856. Mzunguko mmoja wa wimbi hilo huchukua pikosekunde 350, na klistroni zote zililazimika kufuata mpigo mmoja uliosambazwa katika urefu wote wa mashine. Klistroni moja ikichelewa kwa nusu mzunguko, haikosi tu kusaidia. Hurudisha nyuma kazi iliyofanywa na nyingine.

3. Kichapuzi kinachokiendesha kichapuzi

Wanafizikia wanaochunguza chembe za msingi wamekuwa wakihitaji nishati kubwa zaidi ndani ya urefu mdogo zaidi. Mpango uitwao CLIC, unaochunguzwa katika maabara ya CERN karibu na Geneva, ulielezwa kwa kina katika ripoti ya mwaka 2012. Katika muundo wake wa nishati ya juu, elektroni na positroni zingechapuzwa kutoka pande mbili na kugonganishwa katikati ya mashine yenye urefu wa takriban kilomita 50, kila mita ya vyumba vya shaba ikitoa megavolti 100. Muundo wa hatua ya kwanza una urefu wa takriban kilomita 11. CLIC haijajengwa, imebaki kuwa pendekezo lililofanyiwa majaribio mengi. Lakini tatizo lake la umeme na suluhisho lake ni mfano mzuri wa jambo linalojadiliwa.

Tatizo ni hili. Vyumba vya shaba vya CLIC vinahitaji mikrowevu za gigahezi 12, zenye nguvu kubwa sana kwa muda mfupi sana, takriban nanosekunde 240 kwa kila pigo. Klistroni haipendi kufanya kazi hivyo. Hufanya kazi vizuri zaidi katika marudio ya chini na kwa mapigo marefu. Kuilisha mashine ya kilomita 50 kwa klistroni pekee kungehitaji maelfu kwa maelfu ya vifaa hivyo.

Hapa Kiswahili kinahitaji kutofautisha nishati na nguvu. Pipa likijazwa kwa bomba jembamba tangu asubuhi hadi jioni, kisha likapinduliwa kwa mara moja, maji yaliyoingia na yaliyotoka ni kiasi kile kile. Lakini yaliyotoka yaweza kumwangusha mtu, na yaliyoingia yasingemsukuma hata kuku. Kiasi cha maji ni mfano wa nishati. Wingi wa maji kwa kila sekunde ni mfano wa nguvu. CLIC inahitaji pipa la namna hiyo: chombo cha kupokea nishati polepole kutoka katika klistroni na kuitoa kwa ghafla.

Pipa lililochaguliwa ni mkondo wa elektroni. Wazo la kuutumia mkondo mmoja kuuendesha mwingine lilitolewa na Andrew Sessler mwaka 1982, na mwaka 1986 Wolfgang Schnell wa CERN alilieleza kwa njia iliyokuja kuzaa CLIC. Klistroni za gigahezi 1 huuchapuza mkondo mwendeshaji, wenye elektroni nyingi na nishati ya wastani, takriban gigaelektronivolti 2.4. Mkondo huo hupitishwa sambamba na mkondo mkuu, wenye elektroni chache zinazotakiwa kufikishwa kwenye nishati ya juu. Mkondo mwendeshaji hupunguziwa nishati, nayo nishati hiyo hubebwa na mikrowevu hadi kwenye mkondo mkuu. Msomaji anayeijua transfoma ya mtaani atautambua mpango huo: upande mmoja ampea nyingi na volti chache, upande wa pili ampea chache na volti nyingi.

Ukiutazama kwa makini, mkondo mwendeshaji pamoja na vyumba vyake ni klistroni moja iliyorefushwa kwa kilomita nyingi. Mafungu hupita, huacha nishati yake, na wimbi hutoka. Tofauti ni kwamba katika klistroni ya kawaida mafungu hujipanga ndani ya sentimita chache, ilhali hapa lazima yapangwe kabla, kwa mbinu ambayo watwangaji wangeielewa haraka.

4. Michi katika kinu

Mkondo mwendeshaji wa CLIC huanza na pigo la takriban mikrosekunde 140, lenye ampea 4.2. Mafungu yake yameachana kwa sentimita 60. Pigo hilo hukatwa vipande 24 kwa vipande 24, na kila vipande 24 hulazwa mahali pa kimoja. Mwishoni hupatikana misururu mifupi ya nanosekunde 240, yenye takriban ampea 100, na mafungu yaliyoachana kwa sentimita 2.5 tu. Nishati ni ile ile. Nguvu imeongezeka mara 24. Ongezeko hilo hupatikana kwa hatua tatu: mara 2, kisha mara 3, kisha mara 4.

Mbinu hiyo ilijaribiwa kwa kiwango kidogo katika mashine ya CTF3, iliyofanya kazi CERN tangu mwaka 2001 hadi mwisho wa mwaka 2016. Ni vema kuifuata hatua kwa hatua, kwa kuwa hapo ndipo maneno hupimwa.

Katika CTF3 elektroni zilichapuzwa na mawimbi ya gigahezi 3, yenye urefu wa sentimita 10. Mafungu yaliwekwa moja kwa kila mawimbi mawili, yakaachana kwa sentimita 20. Ikiwa nafasi za mawimbi zitahesabiwa kwa namba, basi kwa nanosekunde 140 mafungu yalikaa katika nafasi za shufwa, na kwa nanosekunde 140 zilizofuata yalikaa katika nafasi za witiri, kwa zamu. Mwishoni mwa kichapuzi palikuwa na kifaa kinachosukuma chembe upande kwa nguvu ya mikrowevu. Msukumo wake ulibadilika kila baada ya nafasi moja, hivyo mafungu ya shufwa yalisukumwa upande mmoja na ya witiri upande wa pili.

Mafungu ya shufwa yaliingizwa katika kitanzi chenye urefu wa mita 42. Mwanga huchukua nanosekunde 140 kupita mita 42, na elektroni hizo huchukua muda huo huo. Kwa hiyo msururu wa shufwa ulipomaliza kitanzi ulikutana na msururu wa witiri uliokuwa ndiyo kwanza unafika. Mafungu ya mmoja yaliingia katikati ya mafungu ya mwingine. Umbali ukawa sentimita 10, na ampea zikaongezeka maradufu. Hiyo ndiyo michi miwili katika kinu kimoja.

Hatua ya pili ilifanyika ndani ya pete yenye mzingo wa mita 84. Msururu ulioingia uliimaliza pete kwa nanosekunde 280, wakati msururu unaofuata ukiwa mlangoni. Urefu wa pete ulirekebishwa ili usiwe idadi kamili ya mawimbi, bali uzidi au upungue kwa robo ya wimbi. Hivyo kila mzunguko uliuweka msururu wa kwanza umbali wa sentimita 2.5 kutoka pale ambapo ungekuwa. Wa pili ukaingia kando yake, wa tatu kando ya hiyo, na wa nne ukamaliza nafasi. Misururu minne ikawa mmoja, wenye mafungu ya gigahezi 12, na ikatolewa nje. Mkondo ulioanza na takriban ampea 4 ulifikia takriban ampea 28. Hesabu kamili ya mara 8 ingetoa 32. Kilichopungua ni elektroni zilizopotea njiani au zilizokaa katika nafasi zisizo zake.

Baada ya kinu hufuata juya. Msururu uliokamilika hupitishwa katika mabomba ya shaba yenye mikunjo kwa ndani. Kila fungu likipita huacha wimbi nyuma yake, kama mashua inavyoacha mkia juu ya maji. Fungu la pili likifika katika awamu ile ile, wimbi lake hulala juu ya la kwanza, kilele kwa kilele. Na la tatu vivyo hivyo. Kwa kuwa mawimbi yote hujumlishwa pamoja, mkondo ukiongezwa mara 2 nguvu ya mikrowevu huongezeka mara 4. Katika CLIC kila bomba limekusudiwa kutoa zaidi ya megawati 100. Katika CTF3 mikrowevu zilizopatikana kwa njia hiyo ziliuchapuza mkondo wa pili kwa kiwango kilichofikia megavolti 145 kwa mita.

Hapa ndipo ile kasoro ya neno kichapuzi inapogeuka kuwa msaada. Elektroni za mkondo mwendeshaji wa CLIC hutoa hadi asilimia 90 ya nishati yake, lakini mwendo wake hubaki karibu sawa na ule wa mwanga. Hazichelewi kwa kiasi cha kuvuruga mpango. Laiti kupoteza nishati kungekuwa ni kupoteza mwendo, kama ilivyo kwa mkimbiaji aliyechoka, mafungu yaliyopangwa kwa taabu kubwa yangetawanyika kabla ya kumaliza kazi.

5. Nyuzi 0.2

Mzunguko mmoja wa wimbi hugawanywa katika nyuzi 360, kama duara. Kwa wimbi la gigahezi 12, mzunguko mzima huchukua takriban pikosekunde 83. CLIC inataka mkondo mwendeshaji usikosee awamu kwa zaidi ya takriban nyuzi 0.2. Hesabu hiyo hutoa takriban femtosekunde 46. Katika muda huo mwanga husafiri takriban mikrometa 14, umbali ulio mdogo kuliko unene wa unywele.

Ukali huo una sababu. Mkondo mwendeshaji ukifika mapema au ukichelewa, mikrowevu zake zitakuwa mbele au nyuma ya mkondo mkuu. Mkondo mkuu utapata nishati isiyo sahihi, hautakusanywa vizuri na sumaku za mwisho, na migongano itapungua. Na kwa kuwa mafungu yamepita katika kitanzi na pete, kila badiliko dogo la sumaku au la klistroni huweza kuonekana mwishoni likiwa kosa la wakati.

Kosa la namna hiyo halirekebishiki kwa kusubiri pigo lifuatalo, kwani pigo lifuatalo litakuwa na kosa jingine. Lazima lipimwe na kusahihishwa katika pigo lile lile. Lakini hakuna ishara inayoweza kuupita mwanga, na mkondo wenyewe unakwenda karibu na mwendo wa mwanga. Suluhisho lililotumika katika CTF3 ni la mtu anayejua njia ya mkato. Awamu ya mkondo ilipimwa mahali fulani. Mkondo ukaendelea kwa njia yenye kona, na ishara ya kipimo ikapita kwa njia fupi hadi mbele. Huko ishara iliendesha vifaa vilivyousogeza mkondo kidogo katika kona, ili njia yake irefuke au ifupike kwa kiasi kilichohitajika. Kazi nzima, tangu kupima hadi kusahihisha, ilichukua nanosekunde 350. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba wakati wa kufika kwa mkondo ulituliwa hadi takriban femtosekunde 50, kiwango ambacho CLIC ilikihitaji.

6. Kuzipima istilahi

Baada ya maelezo hayo, istilahi tatu zinastahili kurudiwa kwa makini. Kazi ya kuunda istilahi za fizikia kwa Kiswahili si mpya. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Kinachobaki ni kuzitumia istilahi hizo mpaka zionyeshe zilipo imara na zilipo dhaifu.

Ya kwanza ni marudio. Redioni neno linalosikika ni masafa, na hakuna ubaya msikilizaji akiambiwa aelekeze redio yake kwenye masafa fulani. Lakini masafa kwa asili ni umbali. Katika maelezo ya pete ya mita 84, umbali na idadi ya mizunguko kwa sekunde hutajwa katika sentensi moja. Mwanafunzi akiambiwa kwamba masafa ni gigahezi 12 na masafa ni sentimita 2.5, atapotea. Marudio husema wazi kinachohesabiwa: ni mara ngapi jambo limerudi.

Ya pili ni awamu. Mafundi wa umeme husema fezi, na wateja wa umeme huomba njia moja au njia tatu. Majina hayo yanahesabu nyaya, lakini yanaficha wakati. Ukweli ni kwamba umeme wa njia tatu ni kinu cha watwangaji watatu: mawimbi matatu yenye marudio ya hezi 50, kila moja likifikia kilele chake theluthi ya mzunguko baada ya lililotangulia. Mashine ya kusaga ya mtaani huzunguka bila kusitasita kwa sababu hiyo. Neno awamu, ambalo kila mtu hulijua katika habari za miradi na za serikali, lina maana ya hatua ndani ya mfululizo, na maana hiyo ndiyo inayotakiwa. Mwalimu anayeanzia kwenye nguzo ya umeme iliyo nje ya darasa anaweza kufika CERN bila kubadilisha neno.

Ya tatu, na iliyo ngumu zaidi, ni jina la mpango wenyewe wa wakati. Katika lugha ya kompyuta na simu, vitenzi sawazisha na landanisha vyote vimetumika. Sawazisha ina maana ya kufanya vitu viwe sawa au viwe bapa. Neno hilo latosha kwa wavuvi wa juya, lakini watwangaji haliwafai, kwa kuwa michi iliyosawazishwa ni michi inayogongana. Landanisha lina muundo unaofaa zaidi. Mzizi wake ni land-, wenye maana ya kufanana au kwenda sambamba na kitu. Kiambishi -an- huleta kutendana, na -ish- huleta kusababisha. Kwa hiyo kulandanisha ni kusababisha vitu viwe katika uhusiano wa kupatana. Kitenzi hakisemi kwamba vitu hivyo vifike pamoja. Kinasema kwamba kila kimoja kina nafasi yake kwa kukitazama kingine.

Hata hivyo, landanisha peke yake halijamaliza kazi. Katika mashine iliyoelezwa kuna mambo matatu yanayolandanishwa. Klistroni zote lazima ziwe na marudio yale yale. Mafungu katika kitanzi na pete yana marudio sawa lakini awamu tofauti, na tofauti hiyo ndiyo faida. Mkondo mwendeshaji na mkondo mkuu lazima vikutane kwa wakati maalumu wa kufika. Anayesema ulandanishaji bila kutaja ni wa nini huyachanganya mambo matatu katika kapu moja. Hivyo basi, inafaa kusema ulandanishaji wa marudio, ulandanishaji wa awamu na ulandanishaji wa ufikaji. Urefu wa istilahi si aibu ikiwa ufupi wake ungezaa kosa.

7. Hitimisho

Kichapuzi cha hospitali ni kifupi sana kikilinganishwa na CLIC. Elektroni zake huchapuzwa kwa marudio ya takriban gigahezi 3, kisha hugonga metali nzito na kutoa miale ya eksirei inayoelekezwa kwenye uvimbe. Lakini kanuni ni ile ile. Shaba ikipata joto hutanuka, na marudio yanayofaa vyumba vyake hubadilika. Kwa hiyo mashine huwa na maji ya kuipoza na mtambo wa kurekebisha marudio ya mikrowevu yapatane na vyumba. Ulandanishaji ukipotea, kipimo cha mionzi hakitakuwa kilekile, na mashine hujizima kumlinda mgonjwa.

Jambo hilo linaweza kuelezwa kwa Kiswahili kwa mama mzee aliyeletwa na mwanawe kwa ajili ya tiba. Anaweza kuambiwa kwamba ndani ya mashine kuna chembe zinazosukumwa na mawimbi, kama pembea inavyosukumwa. Kwamba msukumo lazima ufike kwa awamu yake. Na kwamba mashine ikisimama ghafla haijamdhuru, bali imekataa kusukuma vibaya. Atakayemweleza hivyo atahitaji kwanza kuielewa fizikia yenyewe kwa lugha hiyo. Uelewa huo hauanzii hospitalini. Huanzia darasani, mbele ya mwalimu anayethubutu kutamka marudio, awamu na ulandanishaji, na kumtaka mwanafunzi aeleze kwa maneno yake mwenyewe kwa nini michi mitatu haigongani.